Mabruki, Jina Ambalo Bi Tausi Hakulitaja

Siku hizi nikienda hospitali kuchukua dawa zangu za presha, kijana aliyeko dirishani hunipa kikaratasi chenye namba, nami nakwenda kukaa kwenye benchi. "Arobaini na moja!" anaita. Hapo mtu kama mimi, niliyelishika dirisha hilohilo kabla baba yake hajaota ndevu, nageuka kuwa arobaini na moja. Sinung'uniki. Namba haina mambo mengi. Ila nataka ninyi vijana mliovaa makoti meupe mjue kwamba sisi hatukuita namba. Tuliita majina, na kuita jina la mtu mjini Tabora enzi za Mwingereza ilikuwa kazi yenye ufundi wake, sawa na kudunga sindano.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mtoto wa Puge, kwa wakulima wa mtama na karanga. Sikubebwa na mtu. Nilisoma kwa kuchunga ng'ombe za watu asubuhi na kumchotea mwalimu maji jioni. Nilipofaulu nikapanda treni mpaka Mwanza, nikavuka Ziwa kwa meli, nikasomea utabibu Uganda, nikarudi na diploma. Wakati huo Waafrika wenye diploma ya utabibu Tabora nzima ungewaweka kwenye benchi moja, na bado mgonjwa akapata nafasi ya kujinyoosha. Diploma hiyo ninayo mpaka leo. Imetundikwa sebuleni, juu ya redio. Wageni huisoma kabla hawajanisalimu, nami huwaacha wamalize. Juu yake limeandikwa jina langu kwa wino mweusi, herufi za kuchorwa: Mabruki Maganga.

Nataka niwasimulie habari za hilo Mabruki. Lilinichanganya kazini, likanichanganya zaidi nilipotaka kuoa, na pamoja na elimu yangu yote sijalimaliza mpaka leo.

Asubuhi yangu ya kwanza dirishani, dresa mkuu, yaani mkuu wa wafunga vidonda, alikuwa Yakobo, Mmoraviani wa Sikonge, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuongozea kwaya. Alinitazama koti langu jipya, akanitazama viatu, akasema, "Bwana Diploma, leo utaita wewe."

Nikashika chupa ya kwanza. Enzi hizo mgonjwa alikuja na chupa yake mwenyewe kutoka nyumbani, iwe ya mafuta au ya marashi, sisi tukaiosha, tukaijaza dawa, tukaibandika kipande cha karatasi chenye jina lake. Nikasoma jina, nikaita kwa sauti: "Mabruki!"

Nusu ya benchi ikasimama. Alisimama mzee mwenye mkongojo, akasimama baba aliyebeba mtoto, akasimama mwingine mwenye jicho lililofungwa kitambaa, na huko nyuma mlangoni wengine wakaanza kusukumana. Nilibaki nimeshika chupa. Nilidhani wananidhihaki. Nilidhani Yakobo amewaambia kwamba mtabibu mpya anaitwa Mabruki, basi wamepanga kunichezea.

Yakobo akacheka mpaka akaegemea kabati. "Umeita ukoo mzima, Bwana Diploma. Haya, wagawie dawa."

Ndivyo lilivyokuwa jina hilo. Palikuwa na Mabruki wavuna asali wa Sikonge, Mabruki vibarua wa reli waliokuja kutoka Kaliua, Mabruki wauza kahawa wa mjini, na hata Mabruki waliobatizwa, Paulo Mabruki, Yohana Mabruki, waliovaa rozari shingoni na bado hawakuliacha. Leo ukiita Mabruki mjini Tabora atageuka mzee mmoja, na pengine ni mimi.

Siku ileile Mabruki mwenye jicho alichukua chupa ya haluli, dawa ya kuharisha, iliyokuwa ya Mabruki mwenye tumbo. Mimi niliita sawasawa, yeye ndiye aliyeitikia. Kesho yake alikuja akitembea polepole, akashika nguzo, akasema, "Daktari, dawa yako ina nguvu. Jicho bado linauma, ila sikupata nafasi ya kulifikiria." Yule wa tumbo naye akaja na kichupa cha dawa ya macho mkononi, hajakigusa, anauliza anywe vijiko vingapi.

Hapo nikatengeneza utaratibu wangu, na watabibu walionifuata dirishani wote waliurithi kwangu. Ninyi pia uchukueni, hata kama mna namba. Usimwulize mgonjwa, "Wewe ni Mabruki?" Mgonjwa ana homa, ana njaa, amekaa tangu alfajiri, ataitikia jina lolote ili akatulie kwake. Mwulize, "Wewe ni nani?" Kisha funga mdomo, ungoje aseme mwenyewe. Aseme jina lake, la baba yake na anakotoka. Halafu mwulize nani alimtibu mara ya mwisho. Mambo haya yakikaa sawa, mpe dawa. Yakobo alinicheka wiki nzima, akidai nimeleta mahakama hospitalini. Mwisho hata yeye akaufuata.

Sasa kuna mgonjwa mmoja aliyeuvunja utaratibu wangu kila alipokuja.

Aliitwa Bi Tausi, bibi wa mjini, Mwislamu wa familia za zamani za Tabora. Alikuwa na kidonda mguuni, chini ya goti, kile kidonda cha wazee kisichokuwa na haraka ya kupona. Aliletwa na mjukuu wake, Zuhura, msichana aliyeshona kofia za mkono na aliyekuwa na macho ya kusikiliza. Nadhani mnajua nasema nini. Ukiwa unaeleza jambo, wengi hukutazama wakingoja zamu yao ya kusema. Zuhura alikuwa anasikiliza.

"Shikamoo, bibi," nikasema siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari mpya?"

"Ndiye mimi. Naitwa Mabruki."

Bi Tausi akavuta kanga mdomoni. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kisha akageuza uso ukutani, na ule mguu uliokuwa juu ya kigoda akauteremsha.

"Bibi, vipi?" Zuhura akamwuliza.

"Hakuna kitu. Mwambie afunge."

"Mwambie mwenyewe, si huyu hapa?"

"Nimesema mwambie."

Nikamfunga. Kidonda cha namna ile hakihitaji nguvu. Bendeji iliyokauka haivutwi. Inalowekwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka ijiachie yenyewe, na huku unazungumza na mgonjwa habari za mvua ili asitazame chini. Lakini Bi Tausi hakutaka kuzungumza nami habari za mvua wala za jua. Na tangu siku hiyo hakuniita tena mwanangu. Hakuniita kitu chochote.

Alipokuja mara ya pili, Yakobo alikuwa dirishani, akamwuliza kwa utaratibu wangu, "Bibi, nani alikufunga mara ya mwisho?"

"Yule."

"Yule nani?"

"Yule bwana."

"Bwana gani? Hata mimi ni bwana. Mke wangu yuko Sikonge, atakuthibitishia."

"Yule mrefu."

"Ana jina, bibi."

"Analo. Litaje wewe."

Benchi zima likacheka. Mimi nikajisikia vibaya, kwa sababu nililiona jambo lenyewe wazi kabisa: bibi huyu hakulipenda jina langu. Nikiita Mabruki mwingine dirishani, yeye alishtuka akatazama chini. Ajabu ni kwamba kila alipokuja alileta karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye jani, zikiwa bado na joto, akampa Zuhura: "Mpe yule bwana." Mtu anakuchukia jina, halafu anakukaangia karanga. Chuo nilichosoma hawakunifundisha ugonjwa wa namna hiyo.

Nisiwazungushe. Nilitaka kumwoa Zuhura. Yakobo akakubali kuwa mshenga wangu, ingawa ni Mkristo, kwa sababu alikuwa amewafunga vidonda watu wa mtaa ule kwa miaka mingi na hakuna nyumba ambayo hakukaribishwa. Akaenda kwa baba yake Zuhura, Mzee Nasoro Fundi, mtoto wa kiume wa Bi Tausi. Alikuwa fundi bati, mtengeneza vibatari, ndoo na makarai, mtu anayeheshimika sana. Nilikaa kibandani kwangu nikingoja jibu.

Yakobo akarudi, akavua kofia, akakaa.

"Kijana wanamtaka," akasema. "Kazi yake wanaitaka. Diploma yake wanaitaka sana, mzee ameniuliza ina ukubwa gani. Ila jina hawalitaki."

"Jina gani?"

"Lako. Mzee Nasoro anasema uende kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, ujiite Abdallah. Ukirudi ukiwa Abdallah, mambo mengine ni mepesi. Ukibaki Mabruki, binti hakupi."

"Na diploma yangu je? Imeandikwa Mabruki."

"Hilo sikuuliza. Nilikuwa nakunywa kahawa."

Vijana, nilichanganyikiwa. Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa kwa kuwa ni mtu wa shamba, au kwa kuwa kwetu hatuna nyumba ya mawe. Kwa jina? Na jina lenyewe la Kiislamu, kwa familia ya Kiislamu!

Nikaenda kweli kwa mwalimu wa chuo, lakini nilikwenda kuuliza, sikwenda kubadili. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwuliza Mabruki maana yake nini.

"Maana yake aliyebarikiwa," akasema. "Ni la Kiarabu. Lina undugu na baraka, na Mubaraka pia. Huko Arabuni mtu akipata mtoto, au akivaa nguo mpya, wenzake humpongeza kwa neno hilohilo. Ni jina zuri."

"Basi kwa nini Mzee Nasoro halitaki?"

Akavua miwani. "Maana ni kitu kimoja, mwanangu. Waliolibeba ni kitu kingine. Wakati wa misafara ya pembe, wenye majumba makubwa hapa Tabora walikuwa wananunua watu. Mtu akishanunuliwa, jina alilotoka nalo kwao linaachwa, anapewa jingine. Feruzi, Almasi, Farhani, Mabruki. Majina ya vito na ya furaha, matamu kuyaita uani. Lakini humsikii mwenye nyumba akimpa mwanawe wa kumzaa. Kwa hiyo mtu mzima wa mji huu akilisikia anajiuliza swali moja tu: babu yake aliitwa hivyo na nani?"

Nikarudi kibandani nimebeba swali hilo. Babu yangu aliitwa hivyo na nani? Jina ni lake, mimi nimelirithi tu. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda lori la kwenda Nzega, nikashuka njiani, nikamalizia kwa baiskeli mpaka Puge.

Baba yangu, Mzee Maganga, alikuwa anapukuchua karanga. Nikamsalimu, nikakaa, nikapukuchua naye. Kwa baba yangu hukuweza kuuliza neno mikono ikiwa mitupu.

"Babu alikuwa anaitwa nani, baba?"

"Si unaitwa wewe?"

"Nataka jina la kwanza. Alilozaliwa nalo."

"Masanja. Alitoka hapa Masanja na mzigo wa pembe begani, kama vijana wote wa wakati ule. Kijana ambaye hajafika pwani hakuwa na neno mbele ya wasichana. Akarudi ameitwa Mabruki, ana kanzu na ana Kiswahili. Hakuna tena aliyemwita Masanja, ila mama yake."

"Nani alimwita Mabruki?"

"Njiani huko. Wapagazi walikuwa wanajipa majina ya safari. Au mkuu wa msafara anawapa. Ilikuwa fahari. Ndiyo maana Puge nzima walianza kuwaita watoto hivyo, hata wasiojua kuswali."

Nikafurahi. Nikaona jibu nimelipata: mpagazi huru, jina la safari, fahari tupu. Nikawa tayari kurudi Tabora kichwa juu. Baba akatupa maganda pembeni, akaongeza:

"Ila alikaa huko miaka mingi kuliko wenzake. Wengine walirudi, yeye hakurudi. Wapo waliosema alikamatwa Ugogo akauzwa. Wapo waliosema alipenda pwani. Mimi nilimkuta ni baba yangu tu, anakohoa na anapenda uji wa moto. Habari za miaka ile hakupenda kuulizwa."

"Kwa hiyo hatujui?"

"Tunajua jambo moja. Ulipozaliwa ulilia, hulali, hunyonyi, mama yako akaanza kukauka. Tukaenda kwa mfumu, mganga wetu wa kuagua. Akatuambia marehemu babu yako anataka mtoto aitwe jina lake. Tukakuita Masanja, la ukoo, la heshima. Ukazidi kulia. Bibi yako akasema, hebu jaribuni lile jingine. Tukakuita Mabruki, ukanyamaza, ukashika ziwa. Majina alikuwa nayo mawili, mwanangu. Alilolitaka ni hilo."

Najua mnachofikiri, maana nami nimesomea hayo. Tumbo la mtoto mchanga hujaa gesi, na hutulia lenyewe siku zake zikifika. Ndivyo ningemwandikia mtu mwingine. Kwa habari yangu mwenyewe siamini na sikanushi. Nilipanda baiskeli nikiwa nimevurugika kuliko nilivyokuja. Kama babu aliuzwa, alilipendea nini jina alilopewa na aliyemnunua? Na kama alijipa mwenyewe, kwa nini hakutaka kuulizwa?

Kazini nilikuwa mtu nusu. Yakobo aliniondoa kwenye sindano kwa siku chache, akanipa kazi ya kuchemsha. Hilo nalo lijueni: mtu mwenye mawazo hapewi sindano, hata awe na diploma. Wakati ule watu walikuwa wanapenda sindano kuliko chakula. Sindano ya buba ilikuwa imewatoa watu madonda mwili mzima, na sasa kila mtu aliitaka, awe na mafua au amegombana na mkewe. Ukimpa vidonge anaona umemnyima. Sindano tulizichemsha, tukazinoa kwenye kijiwe zikipoteza makali, tukazichemsha tena. Nilisimama pale mvukeni nikijaribu jina jipya mdomoni. Abdallah. Daktari Abdallah. Si baya. Lakini aliyesomea ile diploma ni nani? Aliyechunga ng'ombe za watu ni nani? Niliona kama namkabidhi Abdallah vitu vya Mabruki, na Abdallah hajawahi kubeba hata ndoo ya maji.

Zuhura alipomleta bibi yake kufungwa, nikamvuta pembeni kidogo, mahali ambapo watu wanatuona lakini hawatusikii.

"Unajua sharti la baba yako?"

"Najua."

"Wewe ungependa niitwe nani? Mabruki au Abdallah?"

Akainama, akacheka kidogo. "Mimi sitakuita lolote kati ya hayo."

Akaenda zake. Nikabaki na bakuli la iodini mkononi. Nililielewa neno hilo kama mtu yeyote wa Puge ambaye hajalelewa na bibi wa mjini angelielewa: binti naye ananikataa, kwa majina yote mawili. Usiku ule sikula.

Siku ya kupeleka jibu ilifika. Tulikwenda alasiri, mimi na Yakobo, tukakaa barazani kwa Mzee Nasoro. Pale palinuka risasi ya kulehemu na kahawa. Nyuma ya pazia la mlango tulisikia wanawake wakinong'ona. Mzee Nasoro alikuwa amevaa kanzu safi, lakini mikono ilikuwa na madoa ya moto ya ufundi wake.

"Haya, Daktari," akasema. "Umeamua?"

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nikasema: "Mzee wangu, binti nampenda. Lakini jina hili limevuka Ziwa likarudi na diploma. Limeitwa mbele ya Wazungu, wakasimama kulipa mkono. Sioni kosa lake."

"Wewe huoni kwa sababu umekulia Puge," akasema, bila ukali. "Huko ni jina la safari. Hapa mjini mimi nimekua nikiimbiwa. Nikipita na ndoo zangu za bati, watoto wa majumba makubwa wananiita, 'Mabruki, njoo ubebe mzigo!' Nikimwagiwa maji, nasikia jina hilo. Nimejenga nyumba hii kwa mikono hii ili mwanangu asilisikie mlangoni kwangu. Leo nimwoze kwalo?"

Nikashangaa. "Wakakuita wewe Mabruki? Kwa nini wewe?"

Yakobo alinikanyaga mguu, lakini sikujua ananikanyagia nini. Hapo pazia likasogea. Bi Tausi akatoka, ameshika fimbo, mguu wake una bendeji yangu mwenyewe, niliyoifunga vizuri.

"Nasoro," akasema, "baba yako alikuwa mtu mbaya?"

"Mama, tuna wageni."

"Nimewaona. Nakuuliza wewe. Alikuwa mtu mbaya?"

"Hapana, mama."

"Ufundi huu alikufundisha nani?"

"Yeye."

"Alikunyima nini?"

Mzee Nasoro akatazama mikono yake.

Bi Tausi akanielekezea mimi fimbo, bila kunitazama usoni. "Basi nisikilizeni. Mkimbadilisha jina huyu, nitakuwa mjane mara ya pili."

Yakobo akaweka kikombe chini. Mimi, mwenye diploma, nilikuwa bado sijaelewa, nikawa namtazama kila mtu mmoja mmoja kama mgonjwa aliyeitwa jina la mwenzake. Ndipo Bi Tausi alipovuta kanga mdomoni kama siku ile ya kwanza, akageuza uso, na nikasikia sauti yake ina kicheko ndani yake:

"Karibu nyumbani, mume wangu. Safari hii umekaa sana."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia uani.

Mtu wa kulelewa mjini angekwisha kuelewa tangu karanga za kwanza. Mke wa malezi yale hataji jina la mumewe, akiwa hai au amekufa. Na mtu anayekuja na jina la marehemu, huyo ni somo yake, mjane humtania kama mumewe aliyerudi. Kumbe kanga ile ilikuwa haya ya mwanamke mbele ya mume. Kushtuka kule kulikuwa kwa sababu naita kwa sauti, mbele ya watu, neno ambalo hajawahi kulitoa kinywani tangu aolewe. Mbele yake mji ulimwita yule marehemu Fundi tu, na mwanawe akaitwa Nasoro Fundi, nami mgeni nikadhani ni ufundi wao tu, basi.

Mzee Nasoro aliwangoja wanawake watulie. Mwisho akasema, "Lilikuwa la baba yangu." Alilisema kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika kama utabeba uzito. Kisha akanigeukia. "Binti nimekupa. Jina baki nalo. Ila utaniwia radhi nikikuita Daktari. Ulimi wangu haujazoea."

"Hakuna neno, baba."

"Hiyo diploma," akaongeza, "nitakutengenezea fremu ya bati." Ndiyo hiyo mnayoiona sebuleni.

Mnaweza kudhani habari imekwisha hapo. Mimi nilikuwa na swali langu bado. Baada ya harusi, siku moja nalowesha bendeji ya Bi Tausi, nikamwuliza taratibu. Huyu ndiye mtu wa mwisho aliyeweza kunijibu, maana aliishi na Mabruki mwingine wa wakati uleule wa babu yangu, wa njia ileile.

"Bibi, mume wako jina lile alipewa au alijipa mwenyewe?"

"Sijui, mume wangu."

"Hukumwuliza hata siku moja?"

"Nitamwulizaje habari ya jina nisilolitaja?" Akafikiri kidogo. "Nilikuwa namwuliza kama amekula."

Kidonda kilipona, kwa taarifa yenu. Kilipona vizuri kabisa, na Yakobo alikubali kwamba ni kazi yangu.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki. Nililipigania jina lile, nikalishinda, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniita nalo nyumbani kwangu. Zuhura alisema kweli pale kwenye iodini: hakuniita lolote kati ya hayo mawili. Kwanza nilikuwa "wewe bwana", halafu tukazaa binti, tukamwita Tausi, nikawa Baba Tausi mpaka leo. Mkwe wangu aliniita Daktari mpaka alipofariki. Yakobo hakuacha Bwana Diploma. Jina langu liliishi hospitalini peke yake, midomoni mwa wagonjwa na kwenye dirisha lile, na nilipostaafu likabaki huko.

Kwa hiyo siku mkiniona kwenye benchi, nimeshika kikaratasi cha arobaini na moja, nawaomba jambo moja la kikazi. Iwekeni namba pembeni. Wala msiniulize, "Mzee, wewe ni Mabruki?" Nitaitikia tu, kama wagonjwa wote. Niulizeni mimi ni nani, kisha nyamazeni, mngoje nijibu mwenyewe. Nikikawia, nivumilieni.